Ermini

Ermini (jina la kisayansi: Mustela erminea) ni mnyama mbua mdogo wa familia Mustelidae, jamaa wa kicheche, nyegere na fisi-maji. Anaishi katika maeneo ya baridi ya Ulaya, Asia na kaskazini kabisa ya Amerika.

Maumbile

Mwili wake ni mrefu na mwembamba, na miguu ni mifupi. Dume ni mkubwa kuliko jike. Wakati wa kiangazi mgongo ni wa kahawia na tumbo ni jeupe. Penye theluji nyingi huwa mweupe mwili mzima wakati wa baridi, isipokuwa ncha ya mkia, ambayo hubaki nyeusi. Mabadiliko hayo hufuata hasa urefu wa mchana, lakini halijoto pia huchangia. Kusini mwa Uingereza wengi hubaki na rangi ya kahawia.

Mwaka 1982 mtafiti Roger Powell alieleza majaribio aliyofanya kwa mwewe na vinyago vya wanyama hao. Ncha nyeusi iliwavuta mwewe kushambulia mkia, nao wakakosa mwili.

Utazamaji wakati wa baridi

Ermini halali usingizi wa majira ya baridi. Mwili mwembamba hupoteza joto upesi, hivyo ni lazima ale mara kwa mara. Huwinda mchana na usiku, hasa panya wa mashambani, ambao huwafuata hadi ndani ya njia zao chini ya theluji. Kwa sababu hiyo nyayo zake, zilizopangika mbilimbili, huishia ghafla kwenye tundu na kuanza tena mbali kidogo.

Huonekana kando ya kuta za mawe, nyua za miti na vijito. Mara nyingi husimama kwa miguu ya nyuma ili kuangalia huku na huku. Akishtuka hujificha, lakini mtu akitulia bila kusogea, huenda akachungulia tena. Kicheche mdogo wa Ulaya (Mustela nivalis) hufanana naye, ila ana mkia mfupi usio na ncha nyeusi.

Tishio

Siku za theluji zikipungua, mnyama mweupe huonekana waziwazi juu ya ardhi tupu na kukamatwa kwa urahisi na ndege mbua au mbweha. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 kutoka msitu wa Białowieża, Poland, ulionyesha kwamba miongoni mwa Mustela nivalis, wale wanaogeuka weupe hupungua theluji inapokaa siku chache.