Ndege wa Same mwenye jina la Winifred: Waliojaza daftari majina yao yako wapi?

Wengi wanaopita Same na basi la Moshi au Arusha wanakumbuka upepo, vumbi na jua kali tu. Kumbe kule juu milimani, kwenye msitu wa Chome, kuna ndege ambaye ukizunguka dunia nzima humpati kwingine. Ni kadogo tu: mgongo wa kijani, koo la njano, tumbo la kijivu, na duara jeupe kuzunguka jicho kama kavaa miwani. Jina lake la kisayansi ni Zosterops winifredae.

Sasa huyo Winifred ni nani? Sio Mpare. Ni mke wa Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani, kule Usambara Mashariki. Ndege huyo alipewa jina hilo mwaka 1934.

Stori ya Moreau inawahusu sana wale wa "mimi hayo mambo sijasomea". Jamaa alikuwa karani wa hesabu, sio msomi wa wanyama. Mambo ya ndege alianza kujifunza mwenyewe akiwa Misri, alikopelekwa kikazi baada ya afya kuyumba. Mwaka 1928 akahamia Amani, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kazi iliyomleta ilikuwa ya ofisini na maktaba. Ndege walikuwa mambo yake ya pembeni, na kifaa chake kikubwa kilikuwa daftari. Aliondoka 1946, akaenda kuwa mhariri wa Ibis, jarida kubwa la ndege la Uingereza.

Ila daftari lile halikujazwa na mtu mmoja. Moreau aliajiri wenyeji, akawafundisha kukaa karibu na kiota na kuhesabu: mzazi kaja mara ngapi na chakula, kakaa muda gani, kaondoka saa ngapi. Kazi ya subira hiyo, na mvua za Usambara zile! Wengine walikuwa wakipanda milima kutafuta ndege. Mmoja wao, Salimu Asmani, jina lake limebaki kwenye historia. Wengine wengi waliishia kuwa "wasaidizi" tu. Namba zao zikasomwa Ulaya, wao wakasahaulika.

Na wazee wa Upare je? Hao walikuwa wanaishi na misitu hiyo karne nyingi kabla ya Mwingereza yeyote kufika, wakitunza misitu yao ya mila na kuchimba ndiva za kuhifadhia maji ya mashamba. Maarifa yalikuwepo, lakini yalikaa kichwani. Mzee akizikwa, yanazikwa naye. Aliyeshika penseli ndiye aliyeweka jina.

Habari njema ni kwamba penseli bado ni bei rahisi. Anayeanza leo anahitaji daftari la shule na dakika kumi. Juu ya ukurasa anaandika tarehe, saa, mahali na hali ya hewa. Halafu anachora: umbo la yai ndio mwili, duara dogo ndio kichwa, kisha mdomo na mkia. Kama hana rangi, anaandika pembeni kwa maneno, "koo njano, tumbo kijivu". Asichokiona hakichori. Mchoro ukitoka kama kiazi, poa tu, kwa sababu kazi yake ni kumlazimisha mtu aangalie mara mbili. Simu inapiga picha kwa sekunde moja na mwenyewe anasahau kama mguu wa ndege ulikuwa mweusi au mwekundu.

Wala sio lazima kupanda hadi kilele cha Shengena, kilicho zaidi ya mita 2,400. Shomoro wa uani anatosha, au mbuyu ulio njiani. Mwezi ukiisha, daftari litaonyesha kitu ambacho hakuna mtu mwingine amekiandika: mti ule ulichanua lini, ndege wale waliondoka lini.

Sasa wadau, kazi kwenu. Kama bibi au babu yako ni wa Chome, Mbaga au Gonja, mpigie leo. Muulize kandege kenye miwani meupe kanaitwaje kwa Kipare. Liandike kwenye daftari lako kwanza, halafu litupie hapo chini kwenye komenti, pamoja na jina la aliyekuambia kama ameridhia.