Lori la kubeba vifaru lilivyopata kazi ya uraiani

Kifaru cha vita si chombo cha safari. Minyororo yake hulika upesi, injini hubugia mafuta, na kikijikokota chenyewe hadi uwanja wa mapambano hufika kimechoka kabla ya kufyatua hata risasi moja. Jeshi la Uingereza lilijifunza hayo kwa uchungu katika jangwa la Afrika Kaskazini mwaka 1941 na 1942. Wajerumani wa Jenerali Rommel walikuwa hodari wa kuokota mali yao: jua likitua, mafundi wao walitoka kuvuta vifaru vilivyokwama na kuvirudisha gereji. Waingereza waliviacha vyao vingi mchangani. Kifaru kilichovutwa na kutengenezwa kinapatikana kwa siku chache, lakini kipya lazima kisubiriwe meli.

Si kwamba Waingereza hawakuwa na lori la kuvutia. Kiwanda cha Scammell, mjini Watford, kilikuwa kikitengeneza Pioneer tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Lilikuwa lori jeuri, la polepole, lenye injini ya Gardner ya nguvu za farasi zipatazo 100, na magurudumu yake ya nyuma yalipanda na kushuka mabonde bila kunyanyuka ardhini. Tatizo lilikuwa idadi. Scammell hakikuweza kutoa malori kwa kasi ambayo vita viliyala, na vifaru navyo vilizidi kunenepa. Kwa hiyo hata kabla ya masomo hayo ya jangwani, mwaka 1940, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani, tume ya Uingereza ya manunuzi ilivuka Atlantiki na kupeleka mahitaji yake: lori la dizeli, la kuvuta trela lenye kifaru cha tani 40.

Aliyeitika ni Diamond T wa Chicago, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1905 na C. A. Tilt. Ilijulikana kwa malori ya kupendeza macho, yenye boneti ndefu na rangi za kung'aa. Lori ililowatengenezea Waingereza, aina ya 980 na baadaye 981, lilibaki na boneti ndefu tu. Chini ya boneti hiyo kulikuwa na injini ya Hercules ya silinda sita, ujazo wa lita 14.7 na nguvu za farasi karibu 200. Gia kuu zilikuwa nne, na pembeni kulikuwa na boksi la pili la gia tatu, kwa hiyo dereva alikuwa na hatua 12 za kuchagua na mikono miwili tu ya kuzichagulia. Mwendo wa juu kabisa haukufika kilomita 40 kwa saa. Nyuma ya kabini ilikaa winchi yenye uwezo wa kuvuta tani 18. Tofauti kubwa ya 980 na 981 ilikuwa kwenye winchi hiyo: ya 981 ilipewa waya mrefu zaidi, na iliweza kuvuta kwa mbele pia, lori likikwama lenyewe. Kuanzia mwaka 1943 kabini ya chuma iliondolewa ikawekwa ya turubai, ili malori yachukue nafasi ndogo melini. Jangwani huenda dereva alishukuru kwa upepo. Kwenye mvua ya Uingereza sidhani.

Trela lake lilibuniwa na kampuni ya Rogers ya Albion, Pennsylvania. Lilikuwa sakafu ndefu ya chuma, fupi kwa kimo, juu ya magurudumu 24 madogo: safu moja mbele, mbili nyuma. Wingi huo wa magurudumu ulikuwa na sababu. Tani 40 zikikalia tairi nne zinatoboa barabara na kuvunja daraja. Zikigawanywa kwa 24, barabara inavumilia.

Sasa hapa pana jambo ambalo mtu aliyezoea malori ya leo anaweza kulipita bila kuliona. Semitrela tunazoziona barabarani hulaza mbele yake juu ya mgongo wa kichwa cha lori, na uzito huo ndio unaozikandamiza tairi za lori zishike lami. Trela la Rogers halikuwa hivyo. Lilisimama kwa magurudumu yake lenyewe, mbele na nyuma, na likaunganishwa na lori kwa mhimili wa chuma tu. Mzigo wote ulikaa juu ya trela. Lori halikubebeshwa chochote. Na lori lisilobeba kitu, hata liwe na nguvu kiasi gani, huzungusha magurudumu bure, sawa na punda mwepesi anayefungwa mkokoteni wa vyuma: kwato zinateleza kabla misuli haijachoka. Dawa yake ilikuwa kulitia lori uzito kwa makusudi. Nyuma ya kabini ya Diamond T kulikuwa na sanduku la chuma lililoundwa kupokea zaidi ya tani 8 za mzigo usio na faida yoyote ila kuwa mzito. Lori lenyewe lilikuwa na tani 12 hivi. Likijazwa linakaribia tani 20, na hapo ndipo nguvu za Hercules zilipofika ardhini.

Kupanda ni nusu ya kazi. Dereva anayeteremka mlima wa Kitonga na mzigo hahitaji kuelezwa nusu ya pili. Trela zito lililoungwa kwa mhimili likianza kusukuma, lori hugeuka ubavu na kukunjana nalo, na kuanzia hapo usukani ni pambo. Ndiyo maana breki za upepo zilifungwa hadi kwenye trela, na ndiyo maana madereva walifundishwa kushuka na gia ileile ambayo wangepandia. Pale ambapo hata hiyo haikutosha, lori jingine lilifungwa nyuma ya trela, si kwa kusukuma, bali kwa kuzuia.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, zaidi ya Diamond T 5,800 za aina hiyo zilikuwa zimetoka kiwandani. Pamoja nazo kulikuwa na bahari ya vyombo vingine: malori ya mizinga, matrela, magari ya kunyanyua, matrekta ya kusafishia viwanja vya ndege. Serikali za Uingereza na Marekani zilijikuta na mali ambayo hazikuihitaji wala kuweza kuitunza. Marekani iliunda mwaka 1946 idara maalumu ya kuuza mali hiyo. Uingereza ilipiga minada kwenye maghala ya jeshi, na mnada wa Ruddington, karibu na Nottingham, ulipata jina kubwa kuliko yote. Uliendelea kuuza magari ya jeshi kwa miongo kadhaa, hata walioyanunua ya kwanza wakawa wameshastaafu.

Kulikuwa na imani iliyoenea siku zile kwamba chombo kilichoshinda vita kitashinda kitu chochote. Imani hiyo ilipata jibu lake Tanganyika. Mpango wa karanga, uliopendekezwa mwaka 1946 na Frank Samuel wa United Africa Company na kuanza mwaka uliofuata, ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, na Kongwa ndiko ulikoanzia. Mashine mpya hazikupatikana, kwa hiyo wasimamizi walikwenda kuokota mabaki ya vita. Matrekta na tingatinga zilizoachwa na Wamarekani Ufilipino zilisafirishwa hadi Dar es Salaam. Kampuni ya Vickers nayo ilichukua vifaru vya Sherman, ikaving'oa mizinga na kuvigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Kilichofuata kinajulikana. Zile za Ufilipino nyingi zilikuwa zimechakaa na kushika kutu kabla hazijapakiwa melini, na sehemu kubwa iliharibika ndani ya miezi michache ya kazi. Mizizi ya mibuyu na vichaka vya Ugogo ilikataa kung'oka. Udongo wa Kongwa ulilainika kwa mvua, kisha jua likaugeuza zege, ukasaga majembe ya chuma. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na karibu pauni milioni 36 za walipakodi wa Uingereza zikaandikwa kuwa hasara.

Makosa ya Kongwa yalikuwa mengi, na mashine ni moja tu kati yake. Mvua haikupimwa vizuri, na wenyeji walioijua nchi hiyo hawakusikilizwa. Lakini kwa upande wa mashine, nadhani kosa halikuwa kununua mali ya jeshi. Kosa lilikuwa kuipa kazi nyingine. Kifaru hakikuundwa kukokota jembe kutwa nzima katika vumbi na visiki. Lori la kuvuta vifaru, kwa upande wake, liliporudi uraiani halikubadilishiwa kazi hata kidogo. Liliambiwa livute kitu kizito sana, polepole, kutoka hapa hadi pale. Kitu kile hakikuitwa tena kifaru, basi.

Kiliitwa transfoma. Mwaka 1948 umeme wa Uingereza ulitaifishwa, na miaka mitano baadaye gridi mpya ya kilovolti 275 ilianza kutandazwa nchini, ikifuatwa na ya kilovolti 400 mwaka 1965. Kila kituo kilihitaji transfoma, na kila kizazi cha transfoma kilikuwa kinene kuliko kilichotangulia, hadi tani 100 zikapitwa. Reli ingekuwa njia ya asili ya mizigo hiyo, ila mahandaki na madaraja ya reli ya Uingereza yalijengwa enzi za Malkia Victoria, na transfoma nyingi zilikuwa pana au ndefu mno kupita humo. Ilibaki barabara. Na barabarani, mashine iliyokuwa tayari, yenye nguvu na bei ya mnada, ilikuwa Diamond T.

Kampuni mbili ndizo zilizotawala kazi hiyo: Pickfords, iliyokuwa imeingia mikononi mwa serikali, na Wynns, ya familia moja ya Newport, Wales. Zote mbili zilinunua Diamond T, zikazifungia kabini mpya pale zilipohitaji, zikajaza zege au vyuma kwenye sanduku la nyuma. Msafara wa transfoma ulikuwa tukio la mtaa mzima. Mbele walikwenda polisi, kisha malori mawili yakiwa yamefungwa moja nyuma ya jingine, kisha trela, kisha lori la tatu likisukuma mlimani na kuzuia mteremkoni. Nyuma kabisa ya trela alikaa mtu mwenye usukani wake mwenyewe, akiyageuza magurudumu ya nyuma ili mkia upite kona ambayo kichwa kilishapita. Sijui kama kuna kazi ya udereva inayotaka moyo mgumu kuliko ya mtu huyo: anauona mgongo wa mzigo, haioni barabara, na akikosea ukuta wa duka la watu umekwenda. Njia nzima ilipimwa kabla, daraja baada ya daraja, na mara nyingi msafara ulizunguka mbali kukwepa daraja moja bovu.

Wynns walikwenda mbali zaidi. Karibu na mwaka 1950 walinunua malori sita ya M26, dude la jeshi la Marekani lililoanza kutengenezwa mwaka 1943 na Pacific Car and Foundry katika jimbo la Washington. Hili lilikuwa na kabini ya mabamba ya kuzuia risasi, injini ya petroli ya karibu lita 18, na minyororo mikubwa iliyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Vitani lilivuta semitrela. Wynns waliyabandua mabamba, wakatengeneza kabini za kiraia, wakatoa injini za petroli zilizokula mafuta bila haya na kuweka dizeli, kisha wakaweka sanduku la uzito nyuma ili yavute kwa mhimili. La kwanza waliliita Dreadnought. Yalifanya kazi hadi miaka ya 1970, muda mrefu mara nyingi kuliko vita vilivyoyazaa.

Si yote yaliyopata umaarufu huo. AEC Matador, lori la Kiingereza la kuvuta mizinga, lilinunuliwa na wapasua mbao, likafungiwa mhimili wa kunyanyulia magogo na kutumwa misituni. Mengine yalichukuliwa na wenye bembea za maonyesho, au yakakaa nje ya gereji za barabara kuu yakisubiri lori la watu litumbukie mtaroni. Matador yalionekana msituni hata miaka ya 1980, yakiwa yamekunjika mabati na hakuna tena anayekumbuka rangi zake za kwanza.

Na jeshi lenyewe? Liliendelea kuzitumia Diamond T zake. Vipuri vya Hercules vilipoadimika, miaka ya 1950, baadhi zilifungwa injini za Rolls-Royce na kuendelea na kazi kwa zaidi ya muongo mmoja. Lori lililokuja kuchukua nafasi yake lilikuwa Thornycroft Antar, na hili lilifuata njia ya kinyume. Liliundwa kwa ajili ya raia, kubeba mabomba ya mafuta jangwani Mashariki ya Kati, kisha jeshi likaliona na kulichukua. Injini yake ya petroli, Meteorite, ilikuwa ya silinda nane. Ilitokana na Meteor ya silinda 12 iliyoendesha vifaru, nayo Meteor ilitokana na Merlin, injini ya ndege za Spitfire.