Tabia ya Mwanafunzi Huanza kwa Mwalimu: Mafunzo Kutoka kwa Wanavyuoni wa Qayrawan

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu yangu msomaji, ni nadra kikao cha wazazi na walimu, kiwe cha madrasa au cha shule, kumalizika bila ya lalamiko hili: watoto wa siku hizi hawana adabu. Wanatoroka, wanasema uongo, hawaheshimu wakubwa. Na mara nyingi kikao hufungwa kwa rai moja tu, nayo ni kuongeza fimbo.

Wanavyuoni wetu walilizungumza jambo hili zaidi ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita. Lakini walipolizungumza hawakuanza na mtoto. Walianza na mwalimu. Hili ndilo tunalotaka kulitazama katika makala haya, kwa sababu lina hukumu ndani yake, na wengi wetu tunaofundisha tumeghafilika nayo.

MJI WA QAYRAWAN NA KITABU CHAKE

Mji wa Qayrawan, ulioko katika nchi ya Tunisia ya leo, uliasisiwa na Uqba bin Nafi' mwaka 50 Hijria (670 Miladia). Katika karne ya tatu Hijria ulikuwa ngome ya madhehebu ya Imam Malik katika nchi za Magharibi. Hapo ndipo alipoishi Imam Sahnun, mwenye kitabu mashuhuri cha Al-Mudawwana, aliyekuwa kadhi wa mji huo na kufariki mwaka 240 Hijria (854).

Mwanawe, Muhammad bin Sahnun, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870), alitunga kitabu kidogo kuhusu vyuo vya watoto. Ni katika vitabu vya mwanzo kabisa katika Uislamu kuhusu ufundishaji. Tuzingatie jina lake: Adabu za Walimu. Hakukiita "Adabu za Wanafunzi". Mengi yaliyomo ni masuala aliyomuuliza baba yake na majibu ya kifiqhi aliyopewa, na sehemu kubwa ya majibu hayo inamwelekea mwalimu: lipi ni wajibu kwake, lipi linajuzu, lipi ni haramu.

Humo utakuta kwamba mwalimu ni mwajiriwa, na muda wake ni haki ya watoto. Haifai kuwaacha akaenda kwenye shughuli zake, hata kusindikiza jenaza, ila ile isiyokuwa na budi kwake. Haifai kuwatuma watoto katika haja zake. Haifai kumzuilia mtoto chakula na kinywaji chake. Haifai kumpiga kichwani wala usoni. Haifai kumpa mtoto mmoja kazi ya kuwapiga wenzake. Na ni lazima awafanyie uadilifu, mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wawe sawa mbele yake.

Tuyatazame mambo haya kwa jicho la mtu anayeuliza tabia ya mwanafunzi inatoka wapi. Mtoto anayeachwa peke yake mchana kutwa hujifunza utoro kutoka kwa mwalimu mtoro. Anayeona mwenzake anapendelewa kwa ajili ya mali ya baba yake hujifunza husuda au unyonge. Anayepewa fimbo awapige wenziwe hujifunza dhulma kabla hajajifunza kusoma. Fakihi wa Qayrawan alikuwa anaizuia tabia mbaya pale inapopandwa.

Huku kwetu pwani tunao ushahidi wa mlango huu wa uadilifu. Habib Saleh bin Alawi Jamalilayl, aliyetoka Visiwa vya Ngazija akahamia Lamu na kuasisi Riyadha, aliwafungulia elimu watu waliokuwa wakidharauliwa mjini, wakiwemo watumwa wa zamani na watoto wao. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Lakini kutoka hapo walitoka walimu walioenea katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mtu anapotendewa kuwa ni mwenye heshima, huwa na cha kukihifadhi.

SAHNUN NA MWANAWE

Wanahistoria wa Qayrawan wanasimulia kwamba Imam Sahnun alipompeleka mwanawe huyu kwa mwalimu, alimuusia asimtie adabu ila kwa kumsifu na kwa maneno ya upole, kwa kuwa hakuwa katika watoto wa kutiwa adabu kwa kupigwa na kukemewa. Hii haina maana kwamba Sahnun alikataza adhabu. Maana yake ni kwamba baba alimjua mtoto wake, akamweleza mwalimu anayemkabidhi. Ni wangapi katika sisi wazazi tunamjua mtoto kiasi hicho? Wengi tunamfikisha mlangoni, tunalipa ada, tunaondoka, kisha tunarudi baada ya miaka kuuliza adabu yake iko wapi.

Imam Al-Ghazali (450–505 Hijria, 1058–1111) ameeleza katika Ihya' Ulum al-Din kwamba mtoto ni amana kwa wazazi wake, na moyo wake ni safi, unapokea kila kinachochorwa juu yake. Kisha akataja mambo yanayoujenga au kuubomoa moyo huo. La kwanza ni marafiki, na kwake yeye asili ya malezi ni kumweka mtoto mbali na wenza wabaya. La pili ni kusifiwa anapofanya jema. La tatu ni kusitiriwa anapokosea mara ya kwanza, kwa sababu mtoto aliyefedheheshwa hadharani haoni tena cha kuogopa, na anayelaumiwa kila saa masikio yake huzoea lawama, ikawa haimwingii. La nne ni kupewa nafasi ya kucheza baada ya masomo, kwani kumzuilia mchezo na kumlemea kwa kusoma kila wakati kunaua moyo wake na kutia butu akili yake, hadi atafute hila za kuyakimbia masomo.

Msomaji, hiyo "hila" ndiyo tunayoiita utundu, na Imam anasema chanzo chake kimo katika ratiba yetu wenyewe.

IBN KHALDUN NA MATUNDA YA UKALI

Baada ya Ibn Sahnun kwa karne tano, akatokea Abdul-Rahman Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis (732–808 Hijria, 1332–1406). Katika Al-Muqaddima, aliyoitunga mwaka 779 Hijria (1377), ameweka mlango maalumu kuhusu madhara ya kuwafanyia wanafunzi ukali.

Hoja yake ni hoja ya mwanahistoria. Anasema kwamba anayelelewa kwa mabavu, awe mwanafunzi, mtumwa au mtumishi, nafsi yake hubanwa na uchangamfu wake huondoka. Huingia uvivu. Kisha husukumwa kwenye uongo na unafiki, yaani kudhihirisha kinyume cha kilichomo moyoni, kwa kuogopa mkono utakaomfikia. Hujifunza hadaa kama mtu anavyojifunza kazi, mpaka ikawa ni tabia yake ya kudumu. Mwisho wake hupoteza hima ya kujilinda na kulinda nyumba yake, akabaki kuwa mzigo kwa wengine. Halafu akapanua maneno: hivi ndivyo yanavyoyapata mataifa yaliyotawaliwa kwa nguvu. Akataja pia, kutoka kwa mafaqihi wa Kimaliki, kwamba mwalimu akihitaji kupiga asizidishe mapigo matatu.

Katika mlango mwingine anataja chanzo ambacho walimu huwa hatukifikirii, nacho ni njia ya kufundishia. Mwanafunzi akirushiwa masuala magumu tangu mwanzo, kabla hajajiandaa kuyapokea, akili yake huchoka. Hudhani ugumu uko katika elimu yenyewe, akavivia na kuiacha. Tukamwita mvivu, na sisi ndio tuliomlemea.

Naomba nitoe ushahidi juu ya nafsi yangu. Nilipokuwa kijana, mwanzo wa kufundisha, alikuja mtoto kutoka chuo kingine. Alisoma juzuu ya Amma kwa sauti nzuri. Siku moja nilitazama kidole chake, nikaona kiko kwenye mstari mwingine kabisa. Alikuwa hajui herufi. Alikuwa akiyashika kwa masikio anayoyasoma jirani yake, akiyarudia mbele yangu ili apone. Niliona hiyo ni hadaa, na tena katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, nikampiga, nami nimejaa hasira. Hakurudi tena. Miaka mingi baadaye nilipousoma mlango ule wa Ibn Khaldun nilifunga kitabu. Hadaa ile ilikuwa mtoto wa fimbo, nami niliitibu kwa mama yake. Alichohitaji ni kurudishwa kwenye alifu, bila ya kuaibishwa.

HUKUMU YA FIMBO

Hapa yafaa tuingie katika fiqhi, maana wapo wanaodhani kwamba kuweka mipaka ya fimbo ni fikra za kigeni.

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amekataza kuzidisha mapigo kumi isipokuwa katika hadi miongoni mwa hadi za Mwenyezi Mungu. Ibn Sahnun ameweka matatu kwa ajili ya masomo ya Qur'ani, na kinachozidi hapo kinahitaji idhini ya mzazi. Abul-Hasan Al-Qabisi, naye wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 403 Hijria (1012), ametangulizia mawaidha na maonyo kabla ya pigo lolote, na akamkataza mwalimu kupiga hali ya kuwa ana hasira, kwa sababu adhabu ni kwa maslahi ya mtoto, si kwa kuipoza nafsi ya mwalimu.

Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, Imam An-Nawawi (631–676 Hijria, 1233–1277) katika Minhaj al-Talibin, kitabu kinachosomeshwa sana katika pwani yetu, amemtaja mwalimu pamoja na walii, mtawala na mume: akitia adabu kisha pakatokea maangamizi, basi ana dhamana. Sababu waliyoitaja wanavyuoni ni kwamba ruhusa ya kutia adabu imefungamana na usalama wa mwisho wake. Basi mzazi anapomwambia mwalimu, "Mtoto huyu nimekupa, mfanye utakavyo," maneno hayo yanampa idhini ya kulea. Hayamwondolei dhamana, wala mzazi mwenyewe hana mamlaka ya kumhalalishia mtu dhulma juu ya mwanawe.

Nchi zetu nazo zimeweka mipaka. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 ziliweka ukomo wa viboko vinne, baada ya zile za mwaka 1979, na zikalifunga jambo hilo kwa idhini ya mkuu wa shule. Kenya iliondoa kabisa adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Mwalimu Muislamu asione kwamba kuzifuata sheria hizi kunapunguza dini yake. Kupiga si wajibu, ni jambo lililoruhusiwa kwa masharti, na mwenye mamlaka akilizuia jambo la ruhusa kwa ajili ya maslahi, hakuna maasi katika kumtii. Atakayeliacha hilo atakuwa amefuata uongofu bora zaidi, kwani Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, isipokuwa alipokuwa katika jihadi.

Naye Mu'awiya bin al-Hakam al-Sulami (R.A.), Sahaba aliyezungumza ndani ya sala kwa kutojua, ametoa ushahidi uliopokewa na Imam Muslim kwamba hakuona mwalimu aliyefundisha vizuri zaidi kuliko Mtume (S.A.W.): hakumkaripia, hakumpiga, hakumtukana, bali alimweleza sala ni nini. Kosa lilikuwa hadharani, katika ibada kubwa. Dawa ikawa ni maelezo.

MWISHO

Kwa muhtasari, wanavyuoni wetu wametuonesha kwamba tabia ya mwanafunzi hujengwa na mambo matano: mwalimu mwenyewe katika mahudhurio na uadilifu wake, mzazi anayemjua mwanawe, marafiki, njia ya kufundisha na nafasi ya kupumzika, na adhabu, inapokuwa na mpaka au inapovuka mpaka. Katika hayo matano mtoto hakuchagua hata moja, ila marafiki, na hao pia huwachagua pale tulipomweka.

Kwa hiyo kikao kijacho cha wazazi na walimu kisianze na orodha ya watoto watundu. Kianze na masuala ya Ibn Sahnun. Je, mwalimu anakuwepo? Je, anafanya uadilifu? Je, mtoto anaelewa anachosomeshwa? Nani anampiga, kwa kosa gani, na kwa idhini ya nani? Nyumbani anatoka katika hali gani?

Na wewe mwalimu mwenzangu, ikiwa mkono wako uliwahi kuvuka mpaka, ujue kwamba hiyo ni haki ya mja. Toba yake haikamiliki kwa istighfari peke yake, bali inahitaji kumwendea mwenyewe na kumwomba radhi, ijapokuwa ulikuwa mwalimu wake na yeye alikuwa mtoto. Mimi nimemtafuta mwenye haki yangu na sijampata. Wewe ambaye wako ungali naye, bado ameketi mkekani mbele yako, usichelewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atusamehe tulipokosea, atulindie watoto wetu, na aijaalie elimu tunayowapa iwe ni nuru kwao duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.