Mali, Mzizi na Herufi

Mwanafunzi akutanapo mara ya kwanza na herufi katika hesabu hudhani kwamba ni namba iliyofichwa, na kazi yake ni kuifichua. Dhana hii ni ya kale. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), hakutumia herufi hata moja. Hesabu yote aliieleza kwa maneno. Namba asiyoijua aliiita mzizi, au kitu tu, na kipeo chake cha pili akakiita mali, neno lile lile tulilo nalo sisi. Swali lake mashuhuri ni hili: mali pamoja na mizizi yake kumi ni sawa na dirhamu 39. Mzizi ni 3, kwani 9 na 30 ni 39. Weka 56 mahali pa 39, na mzizi utakuwa 4. Njia ni ile ile, lakini yampasa msomaji kuitambua mwenyewe katika mifano.

Mwaka 1591 Mfaransa François Viète alizipa herufi hata namba zinazojulikana: irabu kwa zisizojulikana, konsonanti kwa zinazojulikana. Kwangu mimi, hayo ni mageuzi makubwa kuliko x yenyewe, aliyoitumia Descartes mwaka 1637. Kwani mtajo x² + bx hauna siri ya kufichuliwa. Haudai kuwa sawa na chochote. B yaweza kuwa 10 au 100, x namba yoyote tupendayo, na mtajo waeleza tu namna ya kuzizidisha na kuzijumlisha.