Daawa ya Shamba la Ukoo

Wasikilizaji, watu wengi husema, "Nitakushitaki," wasijue wasemalo. Mwizi hushitakiwa na Serikali, naye akipatikana na hatia huadhibiwa. Lakini katika daawa ya madai mtu humdai mwenzake haki yake, kama deni, shamba au fidia; na hakimu hamtafuti wa kumfunga, bali mwenye haki.

Natusimulie daawa moja iliyokoma Mwanza. Katika Wilaya ya Muleba, magharibi ya Ziwa Viktoria, bibi mmoja Mhaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa babaye. Uzee ukamjia, wala hakuwa na wa kumtunza. Basi mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Jamaa yake akafungua daawa katika Mahakama ya Mwanzo ili uuzaji ubatilishwe; kwani kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimpa mwanamke ruhusa ya kutumia shamba la ukoo, si kuliuza. Mahakama ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ikatengua hukumu hiyo. Ndipo jamaa akakata rufani katika Mahakama Kuu, Mwanza.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya alitoa hukumu. Alisema kwamba haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984 zakataza ubaguzi. Aliloruhusiwa mwanamume, mwanamke naye aruhusiwa. Uuzaji ukasimama. Jamaa akapewa miezi 6 alikomboe shamba kwa shilingi zile zile 300,000.

Tuyapime hayo. Bibi aliokoka kwa kuwa alitetea haki yake mbele ya mahakama. Jamaa naye, baada ya mahakama tatu, aliachiwa njia ya kukomboa, ambayo mila yenyewe iliijua tangu zamani.

Kwa hiyo, kabla ya kudai, yafaa tujiulize: Je, haki ni yetu kweli? Tunazo hati na mashahidi? Maana anayedai ndiye mwenye kuthibitisha. Tumekwisha kumwomba mwenzetu kwa upole, naye akakataa? Tena tusikawie: madai ya mkataba yana miaka 6, ya ardhi miaka 12. Na tangu sheria ya mwaka 2002, mashauri ya ardhi yana mabaraza yake.

Asiyedai haki yake huipoteza. Adaiye bila kufikiri hupoteza fedha na udugu pia.