Thurea ya Kifaransa: usiisugue kwa ndimu

Neno thurea asili yake ni Kiarabu, na huko ni jina la nyota tunazoziita kilimia. Thurea kuukuu ya Kifaransa ikiwashwa, utakubali kwamba jina limepata mwenyewe.

Mwanzoni Wafaransa walining'iniza vipande vya jiwe la asili linaloangaza kama kioo. Lilikuwa ghali mno, mambo ya wafalme. Karne ya 17 Waingereza wakajua kuchanganya kioo na risasi: kikawa kizito, rahisi kukatwa, na chenye kumetameta zaidi. Ufaransa ilichelewa. Kiwanda cha Saint-Louis kiliipata siri hiyo 1781. Baccarat, kilichoanza 1764 na vioo vya kawaida, kiliwasha tanuri lake la kwanza la kristali 1816.

Lakini kilichonishika mimi si kioo, ni shaba. Mafundi waliiyeyusha na zinki au bati, wakaimimina kwenye kalibu na kuinakshi kwa patasi. Kisha walichanganya dhahabu na zebaki, wakaipaka, wakaichoma. Zebaki ilitoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki imeshika. Mvuke ule ni sumu. Mafundi walitetemeka mikono, wakang'oka meno, wengine wakafa kabla ya umri. Kuanzia miaka ya 1840 njia ya umeme ikaanza kuchukua nafasi yake.

Ukiuziwa thurea kwa jina la Ufaransa, itazame mikono kwanza. Iliyotengenezewa mishumaa mikono yake kwa kawaida ni mizito, haina tundu ndani, kwa hiyo waya wa umeme uliotiwa baadaye hupita kwa nje. Mkono wenye tundu ulikusudiwa gesi au umeme. Kisha pitisha kidole kwenye kristali: iliyokatwa kwa mkono ina kingo kali, na vipande havifanani sawasawa. Iliyomiminwa kwenye kalibu kingo zake ni butu.

Na sisi watu wa Pwani tuna ugonjwa wetu: tukiona shaba tu, tunatafuta ndimu, ukwaju na jivu. Sinia itakushukuru. Thurea hii itaharibika, kwani utando wa dhahabu ni mwembamba, kusugua huula, na ukali wa ndimu hupenya ukaila shaba chini yake. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Dhahabu ikishatoka, kuirudisha kwa njia ile ile ya zamani kunataka fundi wa kuchoma zebaki, na huyo simwombei mtu awe.