Vyama vya Kabala: Kuishinda Nafsi kwa Pamoja

Kabala ni elimu ya siri ya dini ya Kiyahudi. Wengi wa wajuzi wake walihofia kwamba mtu anayejifungia na vitabu huongeza maarifa huku majivuno nayo yakiota mizizi. Ndiyo maana palitokea vyama vidogo vya wenzi waliosoma pamoja na kurekebishana tabia, mara nyingine kwa mapatano ya maandishi.

Kielelezo chao kilikuwa Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, kilichoanza kuenea Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Kinamsimulia Rabi Shimon bar Yochai, mwalimu wa karne ya 2, akijadiliana na wenzake huko Galilaya, na siri hufunguka katika mazungumzo yao.

Utaratibu wenyewe ulikomaa Safed, mji wa milimani Galilaya. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, na Waturuki wa Osmani walipoitwaa Palestina mwaka 1516, Safed ulipokea wahamiaji wengi, na biashara ya nguo za sufu ikastawi. Humo Moses Cordovero (1522–1570) aliwaandikia wenzake kanuni za mwenendo: wajiepushe na hasira, kila siku wazungumze na mwenzi mmoja juu ya ibada, na kila Ijumaa wapitie naye matendo ya wiki nzima. Kwa kuwa nyani haoni kundule, hesabu ya nafsi haikuachiwa mtu peke yake.

Isaac Luria alifika Safed kutoka Misri mwaka 1570. Aliwafundisha wanafunzi wake wajitwike amri ya kumpenda jirani kabla ya sala ya asubuhi, na kila mmoja ajihesabu kuwa kiungo cha wenzake: mmoja akiugua au akipatwa na shida, wote wamwombee. Mwanafunzi wake mkuu, Hayyim Vital, ameandika kwamba aliwahi kumkasirikia ndugu yake alipokuwa akimsomesha, na Luria akamkemea, kwa kuwa aliiona hasira kuwa yaiharibu roho kuliko makosa mengine. Luria alifariki kwa tauni mwaka 1572. Miaka mitatu baadaye, wanafunzi 12 walitia sahihi hati ya kusoma kwa Vital pekee na kutotoa siri nje. Mwaka 1577 Vital alihamia Yerusalemu, na chama hicho hakikudumu.

Hati zilizo wazi zaidi zilitoka Yerusalemu, katika shule ya Beit El iliyoanzishwa mwaka 1737. Miaka ya 1750 wanachuoni wake waliunda chama cha Ahavat Shalom, chini ya kiongozi wao Shalom Sharabi, mzaliwa wa Yemen. Waliapa kupendana na kushirikiana hata thawabu za Akhera. Kisha wakashuka hadi mambo madogo ya adabu. Mwanachama hakuruhusiwa kumsifu mwenzake, hata kama ubora wake ulijulikana na wote. Mwenzi akiingia, aliyeketi hakusimama wima kumlaki. Aliinuka kidogo tu kwa heshima. Hivyo majivuno yalinyimwa chakula chake, yaani sifa na vyeo.

Katika karne ya 20, Yehuda Ashlag (1885–1954), aliyehamia Yerusalemu kutoka Warsaw, aliueleza ubinafsi kuwa utashi wa kupokea kwa faida ya nafsi, unaopaswa kugeuzwa kuwa utashi wa kutoa. Mwanawe Baruch Ashlag (1907–1991) aliwaandikia wanafunzi wake makala kuhusu kazi ya kikundi, kuanzia mwaka 1984. Alisisitiza kwamba mwanachama ajishushe mbele ya wenzake na kuutazama ubora wao. Istilahi zilibadilika, lakini njia ilibaki ileile: mtu hujifunza kumpenda Mungu kwa kuanza na mwenzake aliyeketi naye darasani.